Jalada la mchezo wako wa kutisha limebeba mtaa mzima

Swali: Assalamu alaikum kaka. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Miaka miwili sasa, usiku baada ya kazi, natengeneza mchezo wa kompyuta wa kutisha uitwao Kidaka cha Mwisho. Msichana anarudi kwenye nyumba ya mawe ya marehemu bibi yake huko Mkomani, na kila usiku kuna chombo kimoja kinachohama katika zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo. Michoro yake nimeifanya ya kale, kama michezo ya PlayStation ya kwanza. Ukurasa wake uko tayari Steam, lile duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Jalada nimelichora mwenyewe: mtaa wetu usiku, mwezi, punda, mlango wa nakshi, jini mwenye macho mekundu juu ya dari, damu, na jina kwa herufi zinazochuruzika. Kila ninayemwonyesha analisifu. Lakini Steam inaniambia jalada limeonekana mara maelfu, na waliobonyeza hawajazi hata mashua moja ya kwenda Manda. Kosa liko wapi, na nifanye nini kabla ya kuutoa mchezo? Je, nitumie akili mnemba kulichora upya kwa haraka?

Jibu: Waalaikum salaam, mdogo wangu, na hongera kwa miaka miwili ya kukesha. Picha uliyoniletea niliifungua ikajaa skrini nzima, nikakaa nayo kitambo. Mkono wako ni mzuri. Nakshi za mlango umezichonga moja moja, na yule punda amesimama kama wanavyosimama punda wa Lamu wakishachoka kubeba mchanga. Kwa hiyo wanaokusifu hawakudanganyi. Ila wote umewaonyesha picha ikiwa kubwa, wamekaa, wanakujua, na wana nafasi ya kuitazama.

Nikafanya jambo jingine. Niliipunguza mpaka ikawa na upana wa gumba, nikaipanga katikati ya majalada mengine ishirini ya michezo ya kutisha, nikamwita mpwa wangu wa miaka tisa aliyekuwa akipita na mkate wa mofa mkononi. Nikamwonyesha kwa muda wa kusema bismillahi, nikaificha. Nikamuuliza ameona nini. Akasema, "Usiku." Nikarudia mara ya pili. "Usiku, na rangi nyekundu."

Mchezo wako unahusu kidaka, na mtoto hakukiona kidaka kwa sababu hakimo. Umechora mtaa mzima ukaacha nje kitu chenyewe ambacho mchezo umepewa jina lake.

Tuanze na duka, maana ndilo linaloamua nafasi uliyo nayo. Steam inakutaka utoe jalada kwa maumbo kadhaa. La kichwa cha ukurasa ni pikseli 920 kwa 430, lile kubwa la mbele ni 1232 kwa 706, la wima ni 748 kwa 896, na la maktaba ya mchezaji ni 600 kwa 900. Halafu kuna dogo la 462 kwa 174, na hilo ndilo linalokuumiza. Kutokana na hilo Steam hujikatia yenyewe vipande vidogo zaidi, vya 184 kwa 69 na 120 kwa 45. Mtu akitafuta michezo kwa orodha, kinachomjia ni kile cha 120 kwa 45. Chukua stempu ya barua, ikate mapana, ushike nusu moja mkononi. Humo ndimo ulimotia mwezi, punda, mlango, dari, jini, damu na maneno matatu.

Tena kurasa za Steam zina rangi ya buluu iliyokolea sana, karibu na nyeusi. Picha ya usiku ikiwekwa juu ya usiku huzama. Ukipitia majalada ya michezo ya kutisha utaona wengi wamezama pamoja, weusi juu ya weusi, na tone la nyekundu katikati. Mtu anayeyapitia haoni michezo thelathini. Anaona ukuta mmoja mweusi.

Mimi somo hili sikulipata kwenye kompyuta. Nilianza kwa kuandika majina ya boti na mabango ya maduka hapa Malindi. Mwenye duka hutaka kila alicho nacho kiwe ukutani: mchele, soda, kadi za simu, sabuni, viatu. Nilimpakia mmoja wote huo mzigo, nikapanda tuktuk nikapita mbele ya kazi yangu mwenyewe, na mpaka tunaimaliza kona sikuwa nimesoma neno. Nikarudi kesho yake nikapaka ukuta wote chokaa, nikachora mkate mmoja mkubwa wa boflo na jina la duka chini yake. Anayepitia orodha ya Steam amepanda tuktuk. Hatashuka mpaka kitu kimoja kimshike.

Kitu gani basi? Nikueleze jambo lililonitokea Gede.

Nilikwenda kwenye yale magofu na kamera, natafuta picha za kuta kwa ajili ya jalada la mteja mmoja wa Mombasa. Nilipiga kila kinachosemwa kinatisha. Lile kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Milango ya tao ya kasri. Mizizi ya miti iliyokumbatia kuta za matumbawe. Usiku nikazifungua nyumbani, zikawa picha nzuri za kalenda, na hakuna hata moja iliyonisisimua. Ya mwisho niliipiga wakati najiandaa kuondoka. Ni ukingo wa kisima kikavu, na juu yake champali moja ya mtoto, ya buluu, imelowa maji chapachapa. Mwenyewe namjua, alikuwa mtoto wa wageni waliopumzika kivulini, na nilimwona akirudi kuichukua. Lakini katika picha mtoto hayupo. Kuna kisima kisichokuwa na maji na kiatu kilicholowa. Mke wangu aliitazama mara moja akaniambia nifunge kompyuta.

Nimeifikiria picha hiyo kwa miaka. Hofu katika picha isiyotembea huanza pale jicho linapokutana na kitu linachokijua, mahali linapopajua, na mambo mawili hayo hayapatani. Mtazamaji hujikuta anauliza, na kubonyeza ndiko kuuliza kwenyewe. Jini wako wa macho mekundu ameshatoa jibu kabla ya swali. Mtu anamwona, anasema moyoni "haya, jini," anapita. Mbaya zaidi, umemtoa nje mapema. Mchezaji ambaye angetembea saa tatu nyumbani kwa bibi akiogopa asichokijua, umeshamwonyesha anachopaswa kukiogopa, tena akiwa mdogo kama chawa.

Sasa tazama ulicho nacho. Waamu mna zidaka. Ukuta mzima wa ndani, matundu ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu, yaliyonakshiwa, ambamo bibi zetu waliweka sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Mimi sijaona mchezo mwingine wenye ukuta huo kwenye jalada lake. Mtu wa Japani au Brazili hajui kidaka ni nini, lakini anajua rafu ya bibi yake, anajua vyombo visivyoguswa. Hilo linamtosha.

Usiuchore ukuta mzima, ingawa najua utatamani. Zidaka arobaini kwenye upana wa gumba zinakuwa kichujio cha chai. Chora kimoja. Kidaka kimoja, cha tao, kimejaa karibu kimo chote cha picha. Pembezoni ni chokaa nyeupe, ile ya zamani iliyoanza kuingia umanjano na kubanduka kidogo. Katikati ni giza la tundu. Umbo hilo, jeupe nje na jeusi ndani, halipotei hata ukilipunguza kiasi gani, na juu ya kurasa za Steam zenye giza litang'aa kama dirisha.

Ndani ya giza weka sahani moja, ya buluu na nyeupe, imesimama kwa ukingo wake kama kawaida. Isogeze kidogo, isikae katikati barabara, kwa sababu mchezo wako ni wa vitu vinavyohama. Kisha ipasue. Ufa mmoja mweusi, wa wima, kutoka juu mpaka chini, mpana katikati na mwembamba kwenye ncha. Ukiutazama kwa ukubwa ni sahani iliyopasuka. Ipunguze mpaka pikseli 120 uone inakuwa nini: duara jeupe gizani lenye mwanya mweusi wa wima. Ni jicho la paka linakutazama kutoka ukutani. Macho uliyoyataka kwa jini umeyapata, bila jini na bila nyekundu.

Nimeijaribu jana kwa makaa kwenye karatasi ya kufungia, nikaibandika jikoni, nikarudi nyuma hatua kumi. Inafanya kazi. Kwa mbali ni jicho, kwa karibu ni sahani. Na kwa yule atakayefungua ukurasa akaiona picha kubwa, muwekee jambo la tatu: kwenye ukingo wa sahani, upande wa gizani, ncha nne za vidole vidogo zimeishika kwa nyuma. Usizitie mwanga mwingi. Zisionekane kwenye picha ndogo kabisa. Picha ndogo kazi yake ni kumfanya abonyeze, vidole ni zawadi ya aliyebonyeza.

Kuhusu mwanga, nina rai ambayo huenda ikakushangaza. Achana na usiku. Bibi yangu alitukataza kutoka nje saa saba za mchana kwa ukali kuliko alivyotukataza usiku wa manane. Saa hiyo vichochoro viko tupu, milango imefungwa, watu wamelala, na jua linaingia uwanjani mwa nyumba likipiga ukuta mmoja tu. Wewe umekulia humo, unaijua ile kimya. Mwanga wa mchana ulioingia kwa pembeni ukaangukia chokaa, ukakatika kwenye ukingo wa kidaka, na ndani pasionekane kitu: hiyo ni picha ya kwetu hasa, na haitafanana na majalada ya wengine. Kama hadithi yako yote ni ya usiku na huwezi kuihama, basi tumia koroboi. Mwali mmoja chini ya picha, rangi ya machungwa, unaolamba chokaa kutoka chini kwenda juu. Chagua kimoja. Jua na koroboi haviwezi kukaa pamoja.

Kabla hujatia rangi yoyote, igeuze picha iwe ya kijivu. Nuru na kivuli vikitengana vizuri katika kijivu, rangi zitakusaidia. Visipotengana, rangi hazitakuokoa. Damu na mwezi wako, vilipogeuzwa kijivu, vilikuwa kitu kimoja na dari.

Tuje kwenye jina. Kidaka cha Mwisho ni jina zuri, lisibadilishwe, wala usilifiche kwa Kiingereza ukidhani wageni watakimbia. Neno wasilolijua likiandikwa vizuri huwa sehemu ya ule mshangao. Tatizo ni herufi. Ukihesabu na nafasi zilizo kati ya maneno, jina lina alama 17. Ukiliandika kwa mstari mmoja kwenye picha ya pikseli 120, na picha ya kidaka ikachukua theluthi ya upana, kila herufi inabakiwa na chini ya pikseli tano. Pikseli tano hazitoshi kutofautisha D na O, seuze herufi iliyojaa matone ya damu. Ligawe. KIDAKA juu, kubwa, herufi sita zinazojaza theluthi mbili za upana, kila moja itapata pikseli 13 hivi. CHA MWISHO chini yake, ndogo lakini nene. Anayesoma neno la kwanza pekee ameshasoma la kutosha.

Herufi za kuchuruzika damu zitupe kabisa. Zimetumika mpaka hazina maana tena, na mpasuko wa matone unaharibu umbo la herufi hapo hapo unapolihitaji. Umekaa na mafundi wa nakshi maisha yako yote, nenda kwao. Tazama wanavyochonga kwenye chokaa na mbao: kingo zimekatwa wima, kivuli kinalala upande mmoja, unene haubadiliki. Au shuka forodhani ukasome majina ya mashua. Yule aliyeyaandika alijua yatasomwa na mtu aliye mbali, juu ya mawimbi, jua likimpiga machoni. Herufi zake ni nene, wazi, zimeachiana nafasi. Zichore zako hivyo kwa mkono, kama zimechongwa ndani ya chokaa ile ile ya kidaka, na uzitie kivuli cheusi cha kutosha zijitenge na ukuta. Ukitaka ziwe na uchungu, ipasue herufi moja, labda A ya mwisho, kwa ufa uleule wa sahani. Moja tu.

Katika umbo lile dogo la 462 kwa 174 jina liwe karibu picha nzima, kidaka kisogezwe upande wa kushoto. Katika la wima, kidaka juu na jina chini. Katika kubwa la 1232 kwa 706 unaweza kurudi nyuma kidogo, tukaona kingo za zidaka mbili tatu za jirani, tupu. Ndiyo maana nakuomba uchore kwa matabaka: ukuta peke yake, giza peke yake, sahani peke yake, vidole peke yake, jina peke yake. Usikate picha moja ukailazimisha iingie kila umbo. Panga upya kila mara. Ni kazi ya siku mbili na watu wengi wanaikwepa. Programu ya kuchorea ya Krita inatosha kabisa, nayo ni ya bure.

Kuna mambo ambayo sitaki uyatie, na hapa nazungumza nawe kama kaka. Kwenye picha yako, juu ya mlango, umeandika maandishi ya Kiarabu. Nimeyakuza, ni aya. Najua nyumba nyingi zina aya juu ya mlango, na ulitaka kuwa mkweli. Lakini aya juu ya damu, inauzwa dukani, itawaumiza wazee wako na itakuumiza wewe. Iondoe hata kama hutabadilisha kingine chochote. Pia katika michoro ya pembeni uliyoniletea kuna kivuli cha mwanamke wa buibui kichochoroni akiwa ndiye mzuka. Buibui ni vazi la mama zetu. Mgeni asiyetujua atajifunza kutoka kwako kwamba mwanamke wa Kiislamu ni kitu cha kuogopwa, na hilo tayari anafundishwa na wengi. Na ile nguzo ya kaburi la Takwa, iache. Watu wa Shela huvuka mpaka Manda kufanya ziara na dua pale. Una nyumba ya bibi, una sahani, una ufa. Vina hofu ya kutosha na havimvunjii mtu heshima.

Jingine ni ukweli wa jalada kwa mchezo wenyewe. Mchezo wako una michoro ya pembe pembe ya PlayStation ya kwanza. Ukichora jalada laini kama picha ya mafuta, mtu atabonyeza, ataona picha za ndani ya mchezo, atahisi amedanganywa, ataondoka. Huyo ni afadhali asingebonyeza. Huna haja ya kuchora jalada kwa pembe pembe, lakini lete kitu cha mchezo ndani yake: punje punje za rangi kwenye chokaa, au ule mtikisiko wa kingo zisizonyooka. Rangi za jalada ziwe zile zile za chumba cha ndani mchezoni. Na picha ya kwanza kabisa unayoiweka ukurasani iwe ya kidaka hicho hicho, ili aliyefuata jicho la paka alikute likimsubiri.

Sheria za Steam ni chache na zinaeleweka. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 hawaruhusu maandishi mengine kwenye jalada isipokuwa jina rasmi la mchezo. Hakuna alama za wahakiki, hakuna majina ya tuzo, hakuna "punguzo", hakuna nukuu. Kwenye ile picha pana ya maktaba, ya 3840 kwa 1240, hawataki hata jina, nembo ya jina inawekwa kama faili lake pekee. Damu nyingi na matumbo nje vinaweza kukurudishia jalada, kwa kuwa linaonwa na watu wa kila rika. Kwa kidaka chenye sahani hutapata shida hiyo.

Ukiamua kuuweka pia itch.io, duka jingine la michezo mtandaoni, jalada lao ni 630 kwa 500, na wanakubali picha ya kusogea. Hapo ningefanya jambo moja dogo: sahani ikae kimya sekunde nne, isogee upana wa unywele, ikae tena. Atakayeiona hatakuwa na hakika kama ameiona.

Umeniuliza mwishoni mwa barua kama utumie akili mnemba kuchora upya kwa haraka. Steam tangu Januari 2024 inamtaka mtengenezaji aeleze anapotumia vitu vilivyotengenezwa hivyo, na maelezo hayo wanunuzi huyaona. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Niliwahi kuomba programu moja ya namna hiyo inichoree kidaka cha nyumba ya Lamu, ikaniletea tao la kasri la Moroko lenye taa za rangi. Haijui kidaka. Wewe umelala chini ya ukuta wa zidaka ukiwa mtoto, unajua ni kipi kilicho juu kiasi kwamba mkono haufiki. Kama ni uchovu, mlipe mchoraji wa kwenu akusaidie matabaka, umuoneshe mchoro wako wa penseli na umwambie wazi kwamba vidole visionekane kwa mbali.

Namna ya kupima. Steam inakupa idadi ya mara jalada lilivyoonekana na idadi ya waliofika ukurasani, tena kwa kila mlango walioingilia. Andika leo namba za wiki mbili zilizopita. Badilisha jalada peke yake, usiguse maelezo wala video, kisha subiri wiki mbili nyingine. Linganisha mlango kwa mlango: waliotoka kwenye utafutaji na waliotoka kwenye utafutaji, kwa sababu mtu aliyetumwa na rafiki yake atafika hata jalada likiwa jeupe tupu. Kabla ya hapo, rudia jaribio la mpwa wangu kwa watu watano wasioujua mchezo. Simu mkononi, picha ndogo katikati ya nyingine, muda wa bismillahi. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize wameona nini. Watatu wakikutajia jicho, au sahani, au tundu ukutani, limefika. Wakikutajia rangi, rudi kwenye ile picha ya kijivu.

Yote hayo yamalizike kabla hujauingiza mchezo kwenye Steam Next Fest, tamasha la Steam la kuonjesha michezo ambayo haijatoka. Ile hufanyika mara tatu kwa mwaka na kila mchezo hupewa nafasi moja tu, kwa hiyo usiitumie nafasi hiyo ukiwa bado na mwezi na punda. Kama tayari umeshajiandikisha kwa ile ya karibu, jitoe mapema usubiri inayofuata. Miezi michache si kitu kwa mtu aliyekesha miaka miwili.

Punda nimemuonea huruma, kwa kweli, maana ndiye uliyemchora vizuri kuliko vyote. Mpeleke ndani ya mchezo. Mchezaji afungue dirisha usiku wa tatu amkute amesimama kichochoroni, ameangalia ukutani.

Kazi ya wiki hii ni hii. Tafuta nyumba ya mawe ambayo wenyewe watakuruhusu, uingie ndani saa saba mchana na simu yako, umeme umezimwa. Weka sahani kwenye kidaka kimoja, usogee mpaka kidaka kijaze skrini, upige picha kutoka kimo cha mtoto wa miaka saba, si kutoka kimo chako. Kisha isogeze sahani vidole viwili kuelekea gizani, upige tena, na uendelee hivyo mpaka nusu yake ipotee. Niletee picha zote, hata zilizoharibika, nikuoneshe ni ipi ya kuchora.